Kiitikio Ambacho Baridi Hakukiimba

Mtaani walimwita Mzito, ingawa mwili wake ulikuwa mwembamba kama ufito. Uzito ulikuwa kwenye besi zake. Alitengeneza midundo ya trap katika chumba cha nyuma ya duka la shemeji yake, kuta zote amezifunika kwa magodoro makuukuu: besi inateleza chini kwa chini, matoazi yanakimbia juu, na sauti ya msanii anaipitisha kwenye kompyuta mpaka inang'aa kama bati jipya. Vijana walimkubali. Majirani walimlaani.

Msanii aliyeshibana naye zaidi alikuwa fundi wa friji, wakimwita Baridi. Wimbo wao ulikuwa umebakiza kurekodiwa kiitikio tu, Baridi akagongwa na lori akitoka kazini. Hakufika hospitali.

Baada ya mazishi, Mzito alikuwa akiwasha kompyuta, anaitazama, kisha anaizima.

Asubuhi moja akaja mama yake Baridi. Akaketi kwenye kiti cha wasanii, mkoba mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wenzake wamenisikilizisha kipande cha wimbo wenu kwenye simu. Nasikia kishindo tu. Yeye simsikii."

Mzito akazima besi. Akazima matoazi, ngoma, kinanda. Mwisho akauondoa ule mng'ao wa sauti, kazi aliyojivunia kuliko zote. Akabaki Baridi peke yake: anavuta pumzi, anakosea mstari, anacheka. "Turudie, kaka. Njaa inaniuma."

Mama akajishika kifua. "Huyo! Huyo ndiye wangu."

Akaomba tena, na tena. Mzito alikuwa ameugeukia ukuta. Mama akamwacha alie, kisha akasema, "Sasa rudisha zile kelele zenu. Nataka kujua yeye alikuwa anasikia nini."

Besi ikaingia polepole, kiti kikatetemeka. Mama hakuziba masikio. Alifumba macho mpaka mwisho.

"Kumbe alikuwa na raha," akasema.

Wimbo ulitoka vilevile, bila kiitikio. Wasanii wawili waliomba wakiimbe wao, Mzito akakataa. Kila mahali pa kiitikio mdundo unakatika, pananyamaza, kisha Baridi anaendelea.

Jirani mmoja aliusikia ukikatika kwenye simu ya mama, akamuuliza kama simu imeharibika.

"Haijaharibika," mama akamjibu. "Hapo alikuwa hajafika."