Mama Alipochoma Nyasi Zetu

Juzi niliona moshi juu ya mlima Menengai, nikasikia harufu ya vichaka vya leleshwa vikiungua, na alasiri ile ya utotoni ikanirudia. Siku ile moto ulikuwa ukishuka kutoka mlima huo huo. Mama alinibebesha kikapu cha kuku, akamfungua mbwa kamba, kisha akawasha nyasi za uwanjani kwetu.

"Mama, unatuchoma!" nililia.

"Nyamaza. Simama na kuku hapa palipoungua."

Majivu yalikuwa na joto tamu miguuni, na kuku walinong'ona kikapuni. Moto mkubwa ulifika, ukakosa cha kula, ukapita kando ukivuma kama mvua.

Nilidhani mama hajui woga. Sasa nakumbuka alikuwa amemkumbatia jogoo ambaye hakutoshea kikapuni, akimbembeleza kwa jina langu.