Shingo ya Gitaa la Kaka Yangu

Wapiga gitaa ni watu wa ubishi. Wakikaa wawili popote Nakuru, wataanza na habari za mvua na kumalizia na swali lile lile: gitaa la kiwandani la Amerika au lile la kuchongwa na fundi wetu? Mimi nimeulizwa mara nyingi, kwa sababu niliwahi kuyapiga yote mawili asubuhi moja, katika karakana moja. Huwa najibu kwa kifupi kisha naomba chai. Jibu refu ni hili.

Fundi mwenyewe alikuwa Kalasinga, Mhindi wa kilemba, aliyeunda bodi za malori karibu na stesheni ya reli. Bodi ndizo zilizomlisha. Magitaa ya umeme yalikuwa ugonjwa wake. Alitengeneza machache, polepole, kwa mbao za podo na mvule alizozikausha darini hadi watu wakasahau zililetwa lini. Shingo aliibandika kwenye mwili kwa gundi ya ngozi iliyochemshwa mkebeni, ikinuka mpaka barabarani, na waya wa shaba wa kunasa sauti aliuzungusha kwa mkono wake. Bolti hakutaka kuzisikia. "Bolti ni ya lori," alikuwa akisema.

Na hakuanza kazi kabla ya kukupima. Alichukua uzi wa mshonaji, akaunyosha juu ya kila kidole cha mkono wako wa kushoto, akapiga fundo palipoishia kila kimoja, kisha akautundika uzi huo kwenye msumari. Ukuta mzima ulikuwa mikono ya watu.

Uzi wa kaka yangu ulikuwa na fundo moja lililokaa vibaya. Kidole chake cha pete kilikatwa ncha na mashine ya kuvuna ngano huko Mau Narok, alipokuwa kibarua kabla ya muziki. Fundi aliutazama ule mkono. Kisha akachimba kibonyeo kidogo nyuma ya shingo ya gitaa, mahali kidole gumba kinapokaa, ili mkono uzame na kile kidole kifupi kifikie nyuzi. Kaka alilipiga gitaa lile miaka minne. Mimi nilimsindikiza kwa gitaa la pili na sikumfikia hata siku moja, jambo lililoniudhi wakati ule.

Kisha lori la viazi alilopanda kutoka Kuresoi likapinduka kwenye matope.

Kuhusu miezi iliyofuata sina mengi. Nilikula, nililala, nilinyoa ndevu. Watu walinijia na maswali, azikwe wapi, nani aongoze sala, nguo zake apewe nani, na kila swali nililijibu "sawa tu," hata yale yasiyokuwa ya ndiyo au hapana. Sikulia. Mama alinitazama kwa jicho nisilolipenda.

Bendi tuliyopigia na kaka ilihitaji mpigaji wa mbele, nami nikawekwa. Kiongozi wetu alikuwa amepata gitaa jekundu la Amerika kutoka kwa familia ya mlowezi iliyokuwa ikihama, lenye lile jina kubwa tulilokuwa tukiliona kwenye majalada ya santuri. Mpaka leo silisemi vibaya gitaa lile. Lilikuwa jepesi, nyuzi zake hazikulegea hata kwenye baridi ya Molo, na sauti yake ilitoka safi kama sahani iliyooshwa. La kaka lilikuwa zito na lenye maringo. Ukilitoa kivulini ukaliweka juani, lilidai kukazwa upya. Na mkononi mwangu lilikuwa balaa. Gumba langu lilipofika kwenye kile kibonyeo, mkono ulizama na vidole vikachelewa. Vijana wa bugi, ile dansi ya Jumapili mchana, hawakusamehe kuchelewa.

"Jumapili uje na moja," kiongozi akaniambia. "Hiyo ya ndugu yako uza kama imekushinda. Hatuwezi beba mbili."

"Sawa tu," nikasema.

Wiki hiyo hiyo fundi akaniita. Alikuwa anahamia Uingereza na familia yake, kama wengi wa jamii yake miaka ile, na karakana ilikuwa nusu tupu. Alitaka kitu kimoja kabla ya kuondoka.

"Miaka yote naunda hii kitu," akasema, "na sijawahi sikia yangu ikiwa kando ya hiyo ya Amerika. Leta zote mbili."

Nikayaleta. Akakalia kreti, akanigeuzia mgongo, uso ukutani. Nikachomeka gitaa moja kwenye amplifaya yake ndogo, nikapiga wimbo, kisha nikaurudia kwa lingine.

"Ya kwanza ndiyo yangu," akasema bila kugeuka. "Ya pili iko safi, siwezi kataa. Lakini ukiachilia waya, imenyamaza. Yangu bado inaongea." Akafikiri. "Shida ni wewe. Kuna pahali unajikwaa. Hapo ndugu yako alikuwa anapita mbio."

Nikamweleza kuhusu kibonyeo, na kuhusu Jumapili. Akatikisa kichwa. "Basi hii si mashindano. Ni kama umevaa kiatu ya mtu mwingine. Nipitishe randa, shingo ikuwe sawa na mkono yako? Hapo haitauzwa."

Alikuwa anauliza kweli. Alisubiri, mikono magotini. Nami nikamjibu kama nilivyomjibu kila mtu.

"Sawa tu."

Alilifunga gitaa gunia lisichubuke, akalibana kwenye meno ya jiliwa mezani. Akapunguza mbao kwa randa pande zote za kile kibonyeo, kisha msasa, kisha mafuta. Maranda membamba yaliangukia viatu vyangu. Niliyatazama kama mtu anayetazama mvua ya mtaa mwingine.

Nikapiga tena. Gitaa la kaka likaimba. Sitii chumvi: baada yake lile jekundu lilisikika kama redio ya jirani. Mzee akajipiga paja kwa furaha, akasema sasa anaweza kupanda ndege. Mimi nikarudisha gumba nyuma ya shingo, nikitafuta pale pa kuzama. Nikapapasa juu, nikapapasa chini. Palikuwa laini kote.

"Uzi wake uko wapi?" nikauliza.

"Uzi gani?"

"Ya mkono. Ilikuwa kwa msumari."

Akautazama ukuta. Ilibaki misumari mitupu. "Nilichoma zote juzi na takataka, kijana wangu. Ningepeleka wapi?"

Nikainama kuokota maranda. Yalikuwa yamechanganyika na ya bodi za malori, sikujua yapi ni yapi, nikaendelea kuokota. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, na yule mzee akijaribu kuninyanyua kwa makwapa.

Jumapili nilikwenda na la kaka, na lile jekundu likauzwa. La kaka bado ninalo. Wakiniuliza ule ubishi wao, nasema la fundi wetu ni bora, kwa sababu ni kweli. Gumba langu linapita pale bila kukwama, na kila linapopita nina hasira na yule mtu aliyesema "sawa tu."