Hortense Ajifunza Upande wa Mwanaume

Hortense alikuwa amefundisha Kifaransa sekondari miaka mingi, na mtaani kwake Kampemba walimjua kwa mwendo wake: wima, mkoba kwapani, salamu fupi. Kwa hiyo alipoanza kwenda kila Jumamosi kwa Casimir na mkewe Virginie, waliozeeka wakifundisha maharusi kucheza blues, dansi ya polepole ya watu wawili, majirani walisema mjane amepata mtu.

Hakuwa amepata mtu. Binti yake Léa alikuwa anaolewa, na kwenye karamu bibi harusi hucheza na baba yake kabla ya wengine kuinuka. Baba alikuwa marehemu. Adalbert, mdogo wa marehemu, alikwisha kushonesha suti ya kucheza naye. Lakini Hortense aliyemlea Léa peke yake alikuwa ameamua kwamba mahali pa baba atasimama yeye.

“Nifundisheni upande wa mwanaume,” aliwaambia walimu.

Casimir alicheka mpaka akavua miwani. Virginie hakucheka, alimpa mkono, wakaanza.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Hortense alimsukuma mwalimu wake kama anayehamisha kabati.

“Mama Léa, mimi si mwanafunzi aliyechelewa darasani,” Virginie alimwambia. “Ukinisukuma hivi, nitagoma.”

“Legeza magoti,” Casimir aliongeza. “Usimvute kwa mkono. Hamisha uzito wako kwanza, halafu mpe nafasi akufuate. Blues haina haraka.”

Hilo ndilo lililomshinda. Tangu afiwe hakuwa amempa mtu nafasi ya kumfuata. Alizoea kukata shauri peke yake, na mambo yakaenda. Ilimchukua majuma mengi kuhisi, kwa kiganja tu, wakati mgongo wa Virginie ulipokuwa tayari.

Kubishana na Adalbert mbele ya wakwe kungekuwa aibu ya ukoo mzima. Basi akamwita mapema, kwa walimu. Adalbert alifika amenuna.

“Shemeki, bantu batasema nini? Nyumba ya kaka yangu haina mwanaume?”

“Baseme. Bamezoea. Wewe cheza kwanza, nione.”

Adalbert alimshika Virginie kwa madaha, akamzungusha, akamkanyaga, akaomba radhi, akamkanyaga tena.

“Papa, hii muguu iko na mwenyewe,” Virginie alisema.

Kisha Hortense akacheza. Adalbert alitazama amekunja mikono mpaka wimbo ulipokwisha.

“Sawa, utacheza wewe,” alisema mwishowe. “Lakini mimi nitamuleta mutoto mpaka katikati ya ukumbi. Hiyo usininyang’anye.”

“Hiyo ni haki yako,” Hortense alijibu, na alimaanisha.

Siku ya harusi Adalbert alimshika Léa mkono, akamwongoza polepole mbele ya meza zote, akamkabidhi kwa mama yake. Minong’ono ikaanza upande wa wakwe. Hortense aliisikia, wala hakugeuza shingo. Walipoanza kucheza, Léa alilaza kichwa begani kwake, akaanza kulia.

“Lia baadaye,” mama alimnong’oneza huku akitabasamu. “Wanatutazama.”

Baba mkwe wa Léa alimwinamia Adalbert mezani. “Kumbe kwenu banamuke ndio banaongoza?”

Hortense, akipita karibu na meza hiyo, alipunguza hatua.

Adalbert alijimiminia bia bila haraka. “Kwetu,” alisema, “anacheza mwenye kujua.”

Hortense akamzungusha binti yake, wakaelekea upande wa pili wa ukumbi.