Siku Nilipomwita Winga Jenerali

Najua mnapenda kunisifu kwa zile mechi nilizotangaza kwenye televisheni, lakini siku niliyoshika kipaza sauti mara ya kwanza ilinipa aibu ambayo hata leo nikiisimulia masikio yanawaka moto.

Ilikuwa Nyeri, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Nilikuwa mwalimu mgeni kutoka Maragoli, na siku hizo mgeni alishukiwa na kila mtu: polisi wanajiuliza kwa nini unasalimiana na wenyeji, wenyeji nao wanajiuliza umetumwa na nani (ukikohoa tu sokoni, watu wananyamaza). Basi Jumamosi moja polisi wakacheza mpira na timu ya mjini, na kwa vile Kiswahili changu kilikuwa kinateleza, nikaambiwa nitangaze mchezo kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la serikali.

Ningetaja majina tu, mambo yangeishia hapo. Lakini niliona watu wamekaa kimya kama wako matangani, askari wenye bunduki nyuma yao, nikaamua kuwachangamsha. Wachira, fundi cherehani aliyecheza winga wa kulia wa timu ya mjini, alipochukua mpira nikapaza sauti: "Jenerali huyo! Ametokea vichakani, askari wamelala, anakuja, anapiga bomu!"

Goli likaingia, na hakuna aliyeshangilia. (Jenerali, siku hizo, alikuwa kiongozi wa hao wapiganaji wa msituni, na mimi nimemwita hadharani, tena kwa kipaza sauti cha serikali!) Firimbi zikalia, akina mama wakajitupa chini, na mimi nikateremshwa garini kwa kuvutwa tai yangu mpya, nikachuchumaa katikati ya uwanja mikono kichwani, wanafunzi wangu wote wakitazama.

"Jenerali iko wapi?" inspekta Mzungu akafoka.

"Ni winga, Bwana. Winga wa kulia."

"Wewe nafikiri mimi mujinga?"

Wakamleta Wachira. "Wewe najua hii mwalimu?"

"Mimi simjui kabisa," akasema Wachira, na suruali niliyokuwa nimevaa aliishona yeye. Sikumlaumu, maana hata mimi ningemkana.

Mimi niliachiliwa jioni hiyo, mwalimu mkuu aliponiombea. Wachira hakuwa na wa kumwombea, wakabaki naye. Nilipoenda kwake kuomba msamaha, mkewe alisimama mlangoni, hakunikaribisha.

"Mwalimu, bwana yangu ako na jina," akasema. "Hiyo ingine, ati ulipewa na nani?"

Nadhani mpaka leo mama huyo anaamini nilitumwa na polisi. Wachira alirudi wiki iliyofuata, akaendelea kushona sokoni, lakini uwanjani hakukanyaga tena.

Ndiyo maana miaka yote ya televisheni, wenzangu wakiwaita wachezaji simba na radi, na wakubwa wakilalamika ati utangazaji wangu ni mkavu, mimi nasema tu: Otieno ametoa, Kamau amepokea. Jina alilopewa mtu kwao linatosha.