Bia ya Pili kwenye Msiba wa Bibi Onsi

Wazungu wa mabegi walikuwa wamempa Manichan jina, na jina lenyewe alilijua: Mama Kununa. Walipashana habari zake huko huko njiani, wakila kwenye vibanda vya miji mingine, kwamba ukishuka kwenye boti pale Hat Ngiu, kijiji cha Walao kando ya mto, utamkuta mwanamke wa makamo juu ya ngazi ya mtoni anakaanga chapati za ndizi. Usiegemee meza yake, usimpige picha, na usithubutu kumwomba apunguze bei, maana atakukimbiza na mwiko. Basi wengine waliomba wapunguziwe bei makusudi, ili wamwone anavyowaka. Wakimwona wanacheka, wanapanda zao na mabegi yao makubwa kama makobe. Alikuwa amegeuka kivutio, sawa na lile pango la ng'ambo ya mto walilokuja kulitazama.

Hakuzaliwa na chuki hiyo. Alikuwa msichana mdogo wa kuchunga bata siku ile mzungu wa kwanza aliposhuka hapo, amepanda boti ya magunia ya mpunga, ndevu mpaka kifuani, vifundo vya miguu vinavuja damu kwa ruba. Watoto walikimbilia porini. Watu wazima walisimama mbali. Mama yake, Onsi, ndiye aliyemkalisha kwenye mkeka, akamfungulia kikapu cha wali wa kunata, akamsogezea samaki wa kuchoma na pilipili ya kutwanga. Yule mtu alikula huku kamasi na machozi vinamtiririka kwa pilipili, na Onsi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu naye ana mama yake mahali," Onsi alisema. "Amekaa huko hajui mwanawe kala au hajala."

Hakumtoza kitu. Yule akaenda, akawaambia wenzake, na wenzake wakaja. Onsi akajenga vibanda vya mianzi ukingoni mwa mto, kimoja, kisha kingine, mpaka ikawa gesti. Na nani aliyefua mashuka ya gesti hiyo? Manichan. Alipiga magoti kwenye mawe ya mtoni asubuhi zote za usichana wake, na shuka halifichi jambo. Aliwajua watu hao kwa matandiko kabla hajawajua kwa sura: nani katapika, nani kaleta mwanamke, nani kalala na matope yake kwa uvivu wa kunawa miguu.

Aliwaona pia wakioga mtoni na vijinguo vya kamba wakati watawa wanavuka kwenda hekaluni, na watawa wale vijana wakilazimika kutazama mbingu. Alimwona mmoja amekwea mapajani mwa sanamu ya Buddha ili apigwe picha. Aliwaona wakibishania fungu la ndizi, "sisi maskini, mama, hatuna hela," na jioni hiyo hiyo chupa zao za bia zimejaa chini ya meza mpaka huna pa kuweka mguu.

"Maskini gani hupanda ndege kuja kuninyang'anya ndizi?" alimwuliza mama yake.

"Waache, mwanangu. Ni watoto wa watu."

"Hao watu wangewafunza kwanza ndipo wawaachie."

Onsi alicheka tu. Aliwacheka mpaka uzeeni.

Manichan aliolewa na mwenye boti, wakashindwana, akarudi nyumbani bila mtoto. Onsi alipoona nguvu zinamwishia aliwagawia wanawe wawili mali mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Gesti akapewa Somphet, mdogo wake Manichan. Kiwanja cha mbele, pamoja na ile ngazi ya saruji inayoshuka gatini, akapewa Manichan.

Somphet alikuwa mtu mwingine kabisa. Alijifunza Kiingereza kwa kukaa nao, akapaka nywele rangi ya shaba, akafunga bembea za wavu kwenye kila nguzo na spika kubwa kama jeneza la mtoto. Wazungu walimpenda. Walimpigapiga mgongoni, wakamwita kaka. Kila siku aliwabunia jambo jipya: leo mitumbwi ya plastiki, kesho kuvuna mpunga wa mtu kwa malipo, wao ndio wanaolipa. Manichan alipowaona wazungu wameinama shambani wanamlipa Somphet ili wavune, alisonya mpaka bata wakashtuka.

Onsi alifariki msimu wa moshi, wakati milima yote inachomwa kwa ajili ya mashamba na jua linatoka jekundu. Alikufa amelala, mdomo wazi kidogo kama aliyetaka kuuliza kitu.

Msiba uliwekwa nyumbani kwa Manichan. Jeneza likapambwa kwa karatasi za dhahabu zilizokatwa na wanawake wa kijiji, likazungushiwa maua na taa ndogo za rangi. Watu wakajaa. Nyumba yenye maiti haiachwi kimya hapo. Marehemu asije akajiona mpweke akaanza kuzurura. Kwa hiyo wazee walicheza karata barazani, vijana wakaleta muziki, wanawake wakapika bila kupumzika, na pombe ya mchele ikazunguka kwa kikombe kimoja kutoka mkono hadi mkono. Mtu asiyejua angedhani ni harusi.

Na wasiojua wakaja. Siku ya pili, alasiri, Manichan alikuwa jikoni nyuma ya nyumba anakatakata ngozi ya nyati aliposikia vigelegele ambavyo si vya kwao. Alichungulia. Wazungu kama wanane hivi walikuwa wamepanda barazani, shingoni wamevaa mashada ya maua, wamekwisha kunywa. Mwanamume mmoja, kifua wazi, alikuwa anacheza katikati ya wazee wa karata, mikono juu, na wazee wakamtazama kwa tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole na mgeni. Msichana mwenye nywele nyeupe alikuwa amekaa na akina mama, anakula. Mwingine, kijana mrefu, alikuwa amesimama ubavuni mwa jeneza. Alinyoosha simu mbele yake, akainamisha kichwa mpaka kikagusa karatasi za dhahabu, akatoa vidole viwili, akacheka, akajipiga picha.

Manichan alitoka na kisu mkononi. Hakukumbuka kwamba amekishika. Muziki ukazimwa na mtu.

Yule mcheza kifua wazi, ama hakuona kisu ama alidhani ni sehemu ya mchezo, akamfuata huku anatabasamu. Alijua maneno machache ya Kilao, akayatoa moja moja kama anayetema mbegu.

"Mama! Bia mbili. Somphet sema, kila mtu bia mbili. Mimi kunywa moja." Akaonyesha kidole kimoja, kisha viwili. "Bia ya pili wapi?"

Hapo watu wote wakafahamu kwa pamoja. Mwenyekiti wa kijiji aliweka karata zake chini. Manichan akageuka taratibu kumtafuta mdogo wake, akamwona kwenye kipandio cha mwisho cha ngazi ya nyumba, ameshika kreti.

"Umewauzia," alisema.

"Dada, hebu twende pembeni."

"Pembeni wapi? Hapa hapa. Umewatoza hela waje kumtazama mama?"

"Ni ya vinywaji tu. Dada, sikiliza. Nyumba ya msiba haina mlango, kila mtu huingia. Na mama aliwapenda hawa. Wewe ndiye uliyewachukia, mama hakuwachukia hata siku moja."

Maneno hayo yalimchoma zaidi kwa kuwa yalikuwa ya kweli.

"Mama aliwapa wali, Somphet. Wewe umewauzia jeneza lake."

"Usinikemee mbele za watu kama mtoto!"

"Mtoto angeona haya! Wewe huna haya wala soni. Mama bado hajachomwa, wewe umeshamtia kwenye ratiba, baina ya pango na mitumbwi!"

Somphet akatupa kreti, chupa zikapasuka. "Na hizo chapati zako unamkaangia nani? Hela unayokula si yao? Unawatukana na mkono umekinga!"

Mjomba Bunhom alikuwa ameshamnyang'anya Manichan kile kisu, ikawa bahati, kwa sababu kilichofuata alikifanya kwa beseni la maji ya vyombo lililokuwa kando ya mlango. Alilibeba zima, na mafuta yake na vipande vya pilipili, akammwagia mdogo wake usoni. Kisha akawageukia wazungu. Hakuhitaji Kiingereza. Walishuka ngazi wakikanyagana, mmoja ameacha ndala, na kijana wa picha akarudi nyuma huku anasema samahani, samahani, neno ambalo nusu saa kabla hakuonyesha kulijua.

Kesho yake asubuhi yule msichana mwenye nywele nyeupe alirudi peke yake. Ameazima sketi ndefu ya kufuma, ameifunga vibaya, upindo unaburuza vumbi. Aliitwa Annelore. Alisimama uani akaweka mikono pamoja, akainama, na macho yalikuwa yamevimba. Akina mama wakageuka kumtazama Manichan.

"Kaambiwa ni sherehe ya mavuno," Khambai, jirani, alieleza, kwa kuwa alikuwa na Kiingereza kidogo. "Anasema hakujua mle ndani ya sanduku mna mtu. Analia tangu jana."

"Machozi yake hayapiki chochote."

"Anaomba umsamehe, dada."

Manichan alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye rundo la masufuria meusi kwa masizi. "Mwambie mgeni siku zake zikiisha hupewa jembe. Jembe lake ni hilo."

Annelore alisugua mpaka jioni. Alisugua na siku iliyofuata, magoti kwenye mawe, mikono imebabuka kwa majivu. Manichan alipita mara kwa mara, akichukua sufuria moja anaitazama kwa ndani, akikuta punje ya wali anairudisha bila neno. Hakumpa msamaha wala hakumfukuza. Chakula alimpa, kwa kumtupia kikapu mbele kama mtu anayelisha mbwa wa jirani. Msichana aliondoka kwa boti ya mchana bila kuaga. Wanawake wakasema, angalau huyo. Manichan akasema, "Angalau nini? Masufuria mawili kayatoboa."

Siku ya kuchoma maiti Somphet alinyolewa. Mwana wa kiume lazima aingie utawa kwa siku hiyo, avae vazi la manjano na kushika uzi mweupe unaotangulia jeneza, ili amwongoze mama yake. Manichan alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti kukataa.

"Ashike mtu mwingine yeyote. Ashike Mjomba Bunhom."

"Onsi alizaa mwana wa kiume mmoja," mwenyekiti alimjibu. "Unataka umkomoe Somphet au umkomoe mama yako?"

Akakubali, lakini hakuridhika. Alitembea nyuma ya jeneza akitazama kile kisogo kipya cha mdogo wake, cheupe, na kovu alilopata utotoni alipoanguka kutoka mgongoni mwake yeye Manichan. Somphet alilia njia nzima. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, uzi unatikisika mkononi. Manichan akaona machozi hayo ni wizi mwingine. Moto ulipowashwa aliweka ubani, akaondoka kabla moshi haujanyooka.

Juma hilo hilo akaleta mianzi yenye miiba akaifunga ngazi ya gatini, juu na chini, akaacha upenyo wa mtu mmoja wenye kilango cha kufuli, na ufunguo ukakaa kiunoni kwake. Wanakijiji aliwafungulia wakapita. Wateja wa Somphet walipita kwenye matope, kupitia zizi la nyati. Mvua zilipoanza, walifika gestini wamechafuka hadi mapajani, wamekasirika, na wakaanza kuambiana huko njiani wasishuke tena Hat Ngiu. Somphet alikuja kusimama upande wa pili wa ua akapiga kelele.

"Unaniua njaa, Manichan!" Hakumwita dada tena.

"Wauzie kaburi langu, nikifa."

Mwenyekiti aliandaa nyuzi za pamba, mshumaa, mayai ya kuchemsha na wali, ili, kama ilivyo mila, wawili hao wafungwe nyuzi vifundoni mwa mikono na kupatana. Somphet alifika, akanyoosha mkono. Manichan alikaa na mikono kwapani hadi mshumaa ukaisha.

Kabla mvua hazijakatika, Somphet aliikodisha gesti kwa tajiri mmoja kutoka mji mkuu, akaamua kwenda kuendesha magari ya watalii huko. Siku ya kuondoka alipita mbele ya kibanda cha chapati na mzigo wake mgongoni. Akasimama. Manichan alikuwa anageuza chapati. Kila mmoja alimsikia mwenzake anavyopumua. Ufunguo ulikuwa pale pale kiunoni, ungechukua muda wa kukohoa tu kuutoa. Hakuutoa. Somphet akazunguka zizini, na kwenye mteremko akateleza, akaenda chini kwa makalio hadi karibu na maji. Alinyanyuka, matope yamemjaa mgongo mzima, akapanda boti bila kugeuka.

Manichan alikuwa amengojea siku hiyo kwa hamu, na alidhani ingemtua mzigo kifuani. Haikumtua. Alisimama kutazama boti ikipinda nyuma ya mwamba, na chapati ikaungua kikaangoni mpaka ikatoa moshi.

"Samahani," mzungu mmoja aliyekuwa anangoja alisema, akionyesha kikaango.

"Utaila hivyo hivyo," Manichan akamwambia, akamfungia kwenye jani la mgomba.