Mwimo wa Mlango wa Veronika

Veronika, mhudumu wa afya wa kijiji kimoja juu ya Mkuyuni, alirudi kutoka semina na kadi za watoto na ahadi ya mzani. Mzani haukuja. Basi akawapima watoto urefu kwenye mwimo wa mlango wake, akichonga alama kwa kisu.

Alama ya Rosa, binti wa Leonard, ilikaa palepale miezi minane. Miaka mitatu ametimiza, na wa miaka miwili wanampita kichwa! Veronika hakulala. Alimhubiria Leonard habari za mayai mpaka koo likamkauka, naye akaitikia kila neno, ndiyo dada, kweli dada. Kazi bure. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mwenye kauli ni mjomba. Veronika ni Mluguru wa kuzaliwa, lakini kitabu cha semina kiliandika "baba", naye akafuata kitabu. Ndiyo kusoma huko.

Akaenda kwa mjomba, Mzee Eustace, mwenye kuku kumi na mmoja na shingo ngumu. Shikamoo ikaitikiwa, kisha Eustace akamweleza kwamba mtoto akila mayai huwa mwizi, na kwamba watu wa ukoo wao ni wafupi tangu enzi za mababu. Akasimama wima athibitishe. Kwa kweli, hapakuwa na kikubwa cha kusimamisha.

Veronika akamkumbusha habari za Yakobo, mdogo wake Eustace mwenyewe, tumbo moja, baba mmoja. Mama yao alipougua, Yakobo alilelewa na masista wa misheni, kwa mayai. Leo ni katekista, na huinama asigonge kichwa akiingia kanisani.

"Ameiba nini, mzee?"

Eustace akawahesabu kuku wake. Kesho yake akafika kwa Leonard na mayai mawili ya kuchemsha. Rosa akala lake. Mjomba alipomaliza kumenya la pili ale mwenyewe, mtoto akalinyakua mkononi mwake, akalitia kinywani. Jamani! Leonard akatazama paa.

"Mwizi," Eustace akasema, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Lakini wa kwetu. Mwache aibe."

Kufikia mavuno, alama ya Rosa ilikuwa imepanda vidole viwili. Akina mama wakapiga vigelegele. Eustace akavua kofia, akaegemea mwimo.

"Nami nipime. Miezi yote hii nimekula naye."

Veronika alitaka kucheka, akashindwa.

"Wakati wako ulipita, mzee," akasema polepole. "Ulipita ulipokuwa na umri wa Rosa."

Eustace akairudisha kofia kichwani. Jioni ile alimpelekea dada yake, mama Rosa, kuku watatu, wote wa kutaga.