Udongo wa Kufunikia Taka

Wenzake walimwita Mama Katapila, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Ndiye aliyeendesha katapila kwenye dampo la manispaa. Malori yakishamwaga taka, alizisambaza, akazikanyaga mpaka zikalala, kisha kabla jua halijazama akazifunika kwa udongo. Ukimuuliza udongo wa nini, utajuta, maana hakuachii mpaka amalize.

"Ukiziacha wazi zinaita nzi. Mvua ikinyesha inapenya humo, inatoka nyeusi, inakwenda mtoni. Na zikishika moto utazima na nini? Mate?"

Kisha udongo ukaanza kuadimika. Malori yaliyouleta kila alasiri yakawa yanaruka siku, halafu yakakatika kabisa. Akamfuata msimamizi ofisini, akamkuta anamenya chungwa.

"Vumilia, mama. Machimbo yamekauka."

"Tangu lini udongo ukakauka kama kisima?"

Msimamizi akacheka, akaendelea na chungwa lake.

Haukupita muda taka zikashika moto kwa chini. Ndimi za moto hazikuonekana, taka zilifuka tu, na moshi mzito wa plastiki ukateremka hadi mtaani kwao, ukaingia madirishani bila hodi. Mama yake mzazi, mwenye pumu, akawa halali tena kitandani. Alisinzia kwenye kiti, kichwa kimeegemea ukuta, kifua kikipiga filimbi.

Jioni moja Mama Katapila alirudi nyumbani ananuka moshi, akakuta uani lundo la udongo mwekundu. Mdogo wake wa kiume, dereva wa lori hapo hapo dampo, alikuwa ameegemea beleshi, meno yote nje.

"Dada, umeona mambo hayo? Tusawazishe uwanja, tumwongezee mama chumba."

Akainama, akashika donge. Udongo mwekundu wenye kokoto nyeupe: wa machimbo ya dampo, mkono wake uliujua.

"Umeutoa wapi?"

"Aa, dada nawe! Udongo tu. Msimamizi anatutuma tuupeleke kwenye kiwanja chake, anajenga. Unaobaki tunagawana. Kila mtu anachukua."

"Kila mtu!" Sauti ikampasuka. "Mama anakohoa humo ndani kwa ajili ya lundo hili hili, nawe unataka kumjengea chumba nalo? Ili akohoe kwa nafasi?"

Dirishani akasikika mama yao, pumzi zikikatika: "Rudisheni. Sijaomba chumba mimi. Naomba kupumua."

Kesho yake asubuhi Mama Katapila aliliweka katapila katikati ya lango la dampo, akazima injini, akautia ufunguo kifuani. Malori ya taka yakapanga foleni hadi barabara kuu, honi juu ya honi. Msimamizi akaja mbio, shati nusu ndani nusu nje.

"Toa dude lako hapa!"

"Lete udongo."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Ila ufunguo uje uuchukue mwenyewe, kama una ubavu."

Madereva wakaangua kicheko. Wa kwanza kufika na udongo alikuwa mdogo wake, amepakia lundo lote la uani. Hakumtazama dada yake usoni. Mchana wakubwa wa manispaa wakapata habari kwamba malori ya taka yamepanga foleni mpaka mbele ya ofisi zao, na simu moja ikatosha: malori yakaenda kuuchota udongo kwenye kiwanja cha msimamizi. Ndipo Mama Katapila akawasha injini, akaufukia moto ule mpaka ukakosa hewa.

Ukafuata uamuzi. Msimamizi alihamishiwa idara nyingine, ofisi yenye feni. Mdogo wake alisimamishwa kazi. Mama Katapila akaambiwa ni mtovu wa nidhamu, akanyang'anywa katapila, akapewa ufagio wa kufagia soko.

"Mwizi kapewa feni," humwambia yeyote anayesimama kumsikiliza, "mimi ufagio!" Na hapo hufagia kwa nguvu hadi wauza nyanya wanafunika meza zao.

Mama yake sasa analala kitandani. Mdogo wake huja kula kwake kila siku, lakini hamsemeshi dada yake. Na jioni, akitoka sokoni, Mama Katapila hupita dampo, akashika waya wa uzio, akachungulia. Dereva mpya akiacha sehemu wazi, hupigiwa kelele mpaka mtaa wa pili: "We! Kona ile unamwachia nani?"

Dereva hugeuza katapila, akarudi kuifunika.